Taa ya Mraba

Jumamosi, 5 Juni 1993

Ukungu mpaka saa nne. Mlima hauonekani kabisa. Wanaume wa Dume wamekuja kama kila Jumamosi, kumi na mmoja, wamejaza ua wangu pikipiki, wananuka petroli, wanakula loshoro yangu ya mahindi na maziwa mgando bakuli mbili mbili. Mabwana wenye wake na watoto. Habari ni hiyo hiyo wiki zote — Dume, Dume, Dume.

Marehemu mume wangu alipewa Dume na kanisa, mwaka sabini na mbili, kwa uinjilisti. Pikipiki ya uchi. Injini yote nje kama utumbo wa mbuzi, na wao wanasema huo ndio uzuri wake. Alipanda nayo mpaka Ngarenanyuki. Alipofariki akaichukua Yoeli mwanangu. Ana miaka thelathini na sita, ni fundi, na analisugua hilo tenki kuliko anavyomsugua mkewe mgongo. Nimeshamwambia mbele ya mkewe.

Leo Reginald kaja na Dume mpya. Reginald ni Mchaga, kwao ni Njiro, wana duka la vipuri mjini. Tangu serikali iruhusu watu kuagiza vitu nje hawalali hao. Mtoto mzuri, ananiita mama mkubwa. Kaingia nayo uani, wote wakasimama. Bakuli zikabaki chini.

Jina ni lile lile, ila wameibadilisha. Taa ilikuwa mviringo, sasa mraba. Tenki limefunikwa plastiki mashavuni. Springi mbili za nyuma zimekuwa moja.

Lengai, fundi mwenzake Yoeli, Mwarusha asiyejua kufunga mdomo, kaizunguka mara mbili. "Ero, mmemvalisha Dume sidiria." Wakacheka mpaka wakashika magoti. Mwingine akasema hapana, ni nzuri, breki ya mbele ni ya sahani, ukiiambia simama inasimama. Mwingine akasema taa ile imetolewa kwenye jokofu. Wakagawanyika pale pale, wanne huku, saba kule. Ungedhani ni ubatizo wanagombania.

Reginald akachoka kuchekwa. Akamgeukia Yoeli. "Ninyi mnapanda maiti. Hilo lako ni jeneza la mzee, mnalitembeza tu."

Yoeli kampiga kofi. Reginald kampiga ngumi ya pua. Halafu wote. Bakuli sita zimevunjika. Nimeingia katikati na mwiko uliotoka chunguni, nimepiga kila mgongo ulio karibu, wa kwangu na wa wenzangu. Wakaacha. Reginald kaniomba radhi kabla ya kuondoka. Wangu mimi hakuniomba.

Jumapili, 6 Juni

Kanisani mchungaji kasema habari za upole. Yoeli hakwenda. Nimemkuta nyuma ya nyumba na kitambaa chake, pua kama kiazi.

Nikamwambia, hicho ni chuma. Akasema, "Mama, kamtukana baba." Nikasema baba yako alitukanwa na watu wenye vyeo, akala ugali wake akalala. Hakucheka.

Juzi juzi tu hapa Meru tumevunjiana nyumba kwa kugombania dayosisi ya kanisa. Sasa taa.

Jumanne, 8 Juni

Mtu kavunja ile taa ya mraba. Reginald aliiacha pikipiki hapa Sekei mbele ya duka, kaingia kununua sigara, kutoka taa imepasuliwa kwa jiwe na tenki limechorwa na msumari. Lengai kaja jikoni kwangu kucheka. Nikamwuliza, ni wewe? "Mama, jiwe limeruka lenyewe." Nimemnyima chai.

Saa nane Reginald kamkuta Lengai barabarani. Kampiga mdomoni na helmeti. Meno mawili. Lengai kaniletea hayo meno kwenye leso, sijui alitaka niyarudishe. Nimemsafisha na maji ya chumvi. Nilikuwa namtukana na huku nimemkumbatia kichwa. Analia, anasema atamwua. Nikasema, tema damu kwanza.

Yoeli alikuwa amesimama mlangoni. Huyo akinyamaza ndiyo mbaya.

Jumatano, 9 Juni

Imetokea Kwa Mrombo, sokoni. Nice mke wa Yoeli anauza ndizi pale, yeye kaona.

Saba wa Dume la zamani walimzunguka Reginald. Wakamwambia avue zile plastiki mwenyewe, hapo hapo, mbele ya watu. Akakataa. Wakaiangusha pikipiki wakaikanyaga. Reginald katoa spana, kampiga mmoja wao begani, Nice anasema aliusikia mfupa. Ndipo cheni ikaja kutoka nyuma. Cheni ya pikipiki, imekunjwa mara mbili. Moja kichwani. Alipogeuka, ya pili usoni. Kaangukia mafungu ya dagaa. Wakaendelea kumpiga mateke yuko chini, na akina mama wanapiga yowe.

Polisi wamekuja. Nani kapiga cheni? Wote wakajibu vumbi, afande, hatukuona. Na Nice naye kasema vumbi.

Jioni Yoeli kanawa pale kwenye pipa. Kanawa sana. Nikamwuliza.

"Ni mimi, mama."

Cheni kaitupa chooni. Wameapa wote saba, hakuna aliyeona mkono wa mtu. Nimempiga makofi mawili kwa nguvu zangu zote. Halafu nimemletea uji, na amekunywa, na nimekaa naye. Ni mwanangu. Nitamweka wapi?

Alhamisi, 10 Juni

Reginald hajazinduka. Jicho la kushoto limekwenda.

Ijumaa, 11 Juni

Sikulala. Alfajiri nimekwenda mpakani mwa shamba, nimekata isale. Hilo jani kwa Wachaga na kwetu Wameru ni moja. Ukimpelekea mtu uliyemkosea, limefungwa fundo, hawezi kukukatalia. Akikataa, laana inabaki kwake. Desturi ni kutuma mzee, mtu wa kati. Lakini mzee angetaka vikao vitatu na pombe, na mtoto wa watu amelala hana jicho. Nimekwenda mwenyewe. Kwa mguu, mpaka Njiro.

Nyumba ina ukuta na geti. Mama yake ni Hedwiga, Mkatoliki, umri wangu. Alikuwa ametoka hospitali, viatu bado viko miguuni. Ludovick, kaka yake Reginald, alikuwa amekaa pale sebuleni.

Sikuzunguka. Nimepiga magoti kwenye zulia lake. Nikasema, mama Reginald, aliyemwumiza mwanao nimemzaa mimi.

Kaniangalia mpaka nikaogopa. Akasema, "Mama Yoeli, ungeniletea jicho ningelipokea kwanza." Nikasema kama lingetolewa ningekupa langu, hili la kulia ndilo linaloona. Akalia. Nikalia. Kisha akanyoosha mkono akalipokea jani, akaliweka kifuani. Akasema kesi hataki, polisi atawaambia mwenyewe. Tukashikana pale chini, vikongwe wawili na kamasi zetu.

Ludovick kasimama. Kaninyanyua kwa mkono, vizuri kabisa, kanifungulia geti.

Nimerudi nyepesi. Nimekula.

Jumamosi, 12 Juni

Mimi ni mjinga. Niandike hivyo hivyo.

Nilimwambia Yoeli habari ya isale asubuhi, nikijua atanishukuru. Rangi ikamtoka. "Mama, umenitaja."

Nikasema nimekuombea. Akasema, "Kwao walikuwa hawajui ni nani. Polisi hawajui. Watu saba wameapa, hakuna aliyefungua mdomo. Umekwenda mwenyewe, umepiga magoti, umesema Yoeli."

Ni kweli. Jani linataka jina. Huwezi kuombea msamaha mkono usio na mtu. Hilo nalijua tangu ujana, na halikunipita akilini hata kidogo. Nilikuwa naona jicho tu.

Lengai kaja na mdomo wake mtupu. "Ludovick anasema mjini, jani ni la mama yake. Jina ni lake yeye." Nimemwuliza, mama yake kapokea, kwake hiyo si kitu? "Mama, Ludovick kazaliwa mjini. Isale kwake ni uzio."

Wa Dume hawakuja leo. Ua mtupu.

Jumapili, 13 Juni

Saa sita mchana wamekuja kwa Lengai, Ludovick na wenzake wanne, wana zile pikipiki mpya. Banda lake la ufundi wamelimwagia petroli. Dume tatu za watu zilizokuwa kwenye matengenezo zimeungua mpaka chuma kikapinda. Lengai wamemvunja mkono juu ya kisanduku cha spana, mmoja kashika, mmoja kakanyaga. Hawakumwuliza kitu. Walimwambia tu, "Mwambie Yoeli kesho."

Nimekwenda kumfunga banzi. Mkono umelala kama si wa kwake. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nice nimempeleka na Nanyori mjukuu wangu kwa ndugu zangu kule Poli. Nanyori kaniuliza kama Reginald atapata jicho jingine la mraba. Nimemfunga kitambaa vizuri, nimemwambia apande gari.

Yoeli hataki kuondoka. Nimemsihi, nimemtukana, nimemshika shati. "Mimi si mwanamke wa kukimbia." Nikasema mimi ndiye mwanamke na sikimbii, ondoka wewe. Kakaa anafunga kipande cha bomba na mpira wa tairi, pa kushikia.

Nimemtuma mtoto wa jirani kwa Hedwiga. Yuko hospitali, hakuonekana.

Jumatatu, 14 Juni

Saa tatu asubuhi. Naandika jikoni. Mkono lazima ufanye kitu.

Yoeli nilimfungia chumbani alipokuwa bado amelala. Kufuli ya ghala. Ufunguo uko kifuani. Akitoka na lile bomba ataua au atauawa, na mimi ndiye niliyemweka kwenye njia hiyo kwa miguu yangu.

Wamekuja watano. Ludovick katoa helmeti. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Reginald ameamkaje?"

"Amezinduka. Habari ya jicho hajui bado."

"Mungu ashukuriwe. Kaeni."

"Tumemfuata Yoeli, mama. Usijisumbue."

Nikasema mimi sijawahi kuona mgeni akisimama kwenye ua huu, kaeni, aliyekuja kunivunjia nyumba ataivunja ameshiba. Nikawapakulia loshoro. Ndani Yoeli kaamka, akaanza kupiga mlango. "Mama, fungua! Ludovick, niko hapa!" Wale vijana wakatazamana na bakuli mkononi. Mmoja akacheka, akaacha.

Wanne wanakula. Nawaona kwa upenyo wa ubao. Wanakula wakiangalia chini. Mmoja kaniomba chumvi, kasema asante bibi. Ludovick bakuli lake liko pale kwenye jiwe, halijaguswa. Cheni kaiweka magotini.

Nimemwambia, mwanangu, nipige mimi. Mimi ndiye niliyemzaa, na mimi ndiye niliyekuja kwenu. Akasema, "Wewe mama ulikuja na heshima." Akaangalia mlango.

Yoeli amenyamaza.

Muda sasa. Hapigi, haiti. Kile chumba kina dirisha la nyuma, na halina nondo. Dume iko nyuma huko huko.

Nimesikia kiki ya Dume ikikanyagwa. Mara moja. Asubuhi ya baridi haishiki, nilimsikia marehemu akihangaika nayo miaka yote. Ondoka mwanangu, isukume kwanza, teremka nayo bondeni, usiiwashe hapo.

Kiki ya pili.

Ludovick kageuza kichwa.