Kimya cha Pumzi Moja

Mazingara, Handeni
12 Machi 2000

Kwako Paker wangu Nelson,

Pokea salamu nyingi kutoka huku porini. Hujambo? Watoto hawajambo? Shemeji Glory je, bado anakukaripia kwa kuchelewa kurudi nyumbani? Mama mkwe mpe shikamoo yangu. Sisi huku wazima. Nasinkoi sasa anakimbia, jana kamfukuza kondoo mpaka wote wawili wakaanguka kwenye tope. Ng'ombe wanashiba, lambo lina maji. Salamu zimekwisha, sasa kaa chini nikupe habari.

Kiboksi kimesema, Paker! Kimesema chenyewe, bila mtu kukishika!

Unaijua simu ya upepo ya zahanati yetu. Siku ile dada yako alipokuwa akijifungua, nesi Hilaria aliita Handeni walete gari, akaita mpaka sauti ikamkauka. Kumbe mtu alikuwa amegusa swichi, simu ikahamia chaneli nyingine. Handeni wanadhani Mazingara hakuna shida, sisi tunadhani Handeni wamelala. Mtoto akapona, mama yake akaondoka. Tangu hapo nikajiuliza, ng'ombe akipotea tunajua kabla jua halijapanda, inakuwaje simu ikipotea asijue mtu?

Basi nimekitengeneza kiboksi, kinakaa ubavuni mwa simu. Kila asubuhi kinajitaja kwa Handeni kwa milio: betri ina nguvu kiasi gani, antena imesimama au imelala, simu iko chaneli gani. Swichi ikiguswa mchana, kinasema hapo hapo. Nimefuatisha salamu zetu za njiani: watoto hawajambo, ng'ombe hawajambo, majani yapo, maji yapo, ndipo mtu anasema lililomleta. Wazungu wa misheni wamekisikiliza Handeni, wamebaki midomo wazi.

Wewe ndiye msomi wetu, una ofisi ya misheni na mashine ya kupiga chapa. Uliniambia serikali inatoa hataza, hati ya kusema kitu hiki kimebuniwa na fulani, na kwamba yuko mkaguzi anayekichunguza kwanza kama ni kipya kweli. Nipelekee. Nakuletea kiboksi cha pili na michoro yote kwa dereva wa gari la misheni. Tangu siku niliyokupa yule kondoo wa harusi hatuitani majina matupu, ni Paker kwa Paker, yaani waliopeana kondoo. Mtu uliyempa kondoo humpi shaka.

Ni mimi shemeji yako,
Paker


Kilole, Korogwe
2 Aprili 2000

Kwako Paker,

Salamu katika jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya wewe na mpwa wangu Nasinkoi. Hapa kwangu hatujambo, ila Glory alisumbuliwa na malaria, sasa anaendelea vizuri. Mama anakusalimu, anauliza lini utamleta mjukuu.

Kiboksi nimekipokea. Nimekifunga kwenye simu ya ofisini nikakisikiliza mwenyewe. Paker, wewe ni kichwa! Mimi niliyekaa chuoni miaka yote hiyo sikuwaza jambo kama hilo. Nitaanza kuchapa maelezo wiki hii hii.

Swali moja tu. Baada ya betri kinanyamaza kwanza, kama pumzi moja hivi, ndipo kinataja antena. Mara ya kwanza nilidhani kimekufa nikakipiga kofi. Kile kimya hakina kazi yoyote, kinakula betri bure, na mafundi wa Dar watakicheka. Nikitoe kwenye mchoro?

Wako katika Kristo,
Paker


Mazingara, Handeni
20 Aprili 2000

Kwako Paker,

Hamjambo nyote? Glory apone kabisa, mwambie anywe supu aache ubishi. Huku tu wazima, mvua imekuja sawasawa, maziwa tele hadi mbwa wananenepa.

Usikiguse kile kimya. Tafadhali sana.

Kwetu jina la aliyelala halitajwi, na hili sina haja ya kukufundisha wewe. Kiboksi nilitaka kukiita kwa jina lake, nikashindwa, ulimi haukubali. Basi nikamwachia mahali. Nimemweka baada ya betri, maana betri ndiyo uhai wa simu. Handeni wanakisikia kimya kile kila asubuhi, hawajui wanamsikia nani. Mimi najua, na sasa na wewe unajua. Basi.

Kwenye karatasi chora kimya kama kilivyo, sababu usiandike. Wakicheka na wacheke.

Shemeji yako,
Paker


Kilole, Korogwe
15 Septemba 2000

Kwako Paker,

Salamu nyingi. Habari za siku nyingi, najua umenuna kwa kimya changu. Sisi wazima, watoto wako shule, mama miguu inamsumbua kidogo tu.

Niwie radhi kwa kuchelewa. Kwanza mchapaji aliumwa, halafu umeme wa hapa Korogwe unaujua, halafu karatasi zikarudishwa kwa kuwa mchoro ulikuwa mdogo. Lakini ombi lako limeingia Dar mwezi uliopita, jina lako limeandikwa vizuri kabisa. Sasa ni kungoja mkaguzi.

Na mimi nina habari. Misheni nimeacha. Kuna kampuni mpya inaitwa Mlingoti Mawasiliano, wanajenga minara ya simu za mkononi, mmoja wameusimamisha Segera pale njia panda. Wamenichukua niwe msimamizi wa mitambo upande huu wote! Nimepewa na simu ya mfukoni. Dunia imefunguka, Paker, sasa kila mtu na bidii yake.

Shemeji yako,
Paker


Mazingara, Handeni
11 Februari 2001

Kwako Paker,

Hujambo? Watoto, Glory, mama, hawajambo? Mguu wa mama upakwe mafuta ya kondoo, nimempa dereva chupa nzima. Nasinkoi anakusalimu, siku hizi anashika gunzi la hindi sikioni anasema anaongea na mjomba. Ng'ombe wamekonda kidogo kwa kiangazi, kitapita.

Paker, tumeibiwa.

Mkaguzi wa hataza ameandika. Anasema ombi kama langu lilikwisha kuletwa Julai, mwezi mmoja kabla ya langu. Nani kalileta? Mlingoti Mawasiliano! Kampuni yako! Amenitumia nakala ya mchoro wao. Nimeutazama mpaka macho yakaniuma. Ni mtoto wangu kavalishwa shati la jirani. Betri kwanza, halafu antena, halafu chaneli. Na kile kimya kimo, wamekiandika tu “muda wa kusubiri”, bila kusema wanasubiri nini.

Kuna mwizi humo ndani, wewe umelala naye chumba kimoja hujui. Labda ulikiacha kiboksi mezani fundi mwenzio akakifungua. Chunguza. Hao watu wa mjini hawaogopi chochote.

Lakini usivunjike moyo, maana mkaguzi huyu ana akili. Ameona kimya kiko kwenye michoro yote miwili na hakina kazi. Anasema atatuita wote Dar, na atakayeeleza kwa nini kimya kile kipo, akawa na shahidi, huyo ndiye aliyekibuni. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu kama mwehu. Nani mwingine duniani anajua, zaidi yangu na wewe?

Ila nina jambo moja linanitia hofu. Mkaguzi akitaka nimtaje, mimi siwezi, unanijua. Wewe umebatizwa, mchungaji wenu alisema kutaja si kosa. Utanisemea. Uje kama shahidi wangu, useme lile jina mara moja tu liandikwe, tumalize.

Nisipokushika wewe nimshike nani?

Shemeji yako,
Paker


Kilole, Korogwe
18 Machi 2001

Kwako Paker,

Salamu. Sisi hatujambo, mafuta yamefika, mama anashukuru.

Nimesoma habari zako. Inasikitisha. Lakini wakati mwingine wazo moja huwajia watu wawili, tusimshike mtu uchawi bila kuona. Nitajaribu kuulizauliza.

Kuhusu Dar, usijali. Tukutane Segera Jumatatu tarehe 9 Aprili asubuhi, pale wanapouza machungwa, tupande basi moja. Nitakuwepo.

Wako,
Paker


Kilole, Korogwe
6 Mei 2001

Kwako Paker,

Nakusalimu kwa upendo. Hujambo? Nasinkoi hajambo? Sisi Mungu anatulinda.

Toka Dar hujaniandikia. Najua una hasira, na hasira ni hasara. Nisikilize kwanza. Kampuni ilipoona kile kiboksi kwangu waliuliza ni cha nani, na mimi nilikuwa bado sijathibitishwa kazini. Mambo yakaenda mbio. Baadaye ningesema nini, Paker? Ningesimama mbele ya mkaguzi niseme mabosi wangu ni wezi, nitoke pale nirudi kulima mahindi? Nina watoto wanne. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Na tazama upande mwingine. Wewe ulitaka zahanati zisipotee hewani. Kampuni itatengeneza viboksi mamia, vitafika hata huko ambako mimi na wewe hatutafika. Si ndicho ulichokitaka? Jina kwenye karatasi ni wino tu.

Shemeji yako daima,
Paker


Kilole, Korogwe
23 Septemba 2001

Kwako Paker,

Salamu sana. Hamjambo huko? Kiangazi kimewaachaje?

Hataza imetoka. Wameniandika mimi kama mbunifu, ndiyo taratibu zao. Nimeona nikuambie mwenyewe usije ukasikia kwa watu.

Mama anauliza kwa nini humleti mjukuu. Nimemwambia barabara mbaya. Glory naye haongei na mimi vizuri. Niandikie, Paker. Hata unitukane, lakini andika.

Shemeji yako,
Paker


Mazingara, Handeni
2 Desemba 2001

Nelson,

Salamu sina.

Nilikungoja Segera, pale pa machungwa, kama ulivyosema. Mabasi ya Dar yakaja yakaondoka, nikiambiwa panda mzee panda, nasema namngoja shemeji yangu. Wauza machungwa wakaanza kunionea huruma. Nikadhani umepata ajali. Nilikuombea, Nelson! Nikapanda basi la mwisho nikiwa nakuombea.

Kesho yake nikaingia kwenye kile chumba, nikakuona. Una tai. Umekaa upande wa Mlingoti. Hata hapo, mjinga mimi, nilifurahi, nikasema afadhali, mzima.

Mkaguzi akauliza kampuni, kimya hiki ni cha nini? Wakakugeukia wewe. Nikakukazia macho. Ukasema, “Ni mapumziko ya mtambo, usipate joto.” Ulisema hivyo bila kukwama, ukakohoa kidogo ukanywa maji.

Akaniuliza mimi. Nikasema ni mahali pa mtu. Akasema mtu gani? Nikasema mke wangu, amelala. Yule mkaguzi si mtu mbaya, alishusha sauti kabisa. Akaniuliza jina lake ili aandike, na yuko nani wa kunishuhudia. Shahidi wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Na jina, nilifungua mdomo, Nelson, nikafungua mara ya pili, halikutoka. Akangoja sana. Mwisho akaandika kuwa sikujibu.

Kondoo nilikupa mimi. Dada yako mlinipa ninyi. Ungeniomba kiboksi ningekupa, ungeniomba hata jina langu ungelichukua, ningesema mwenzangu ana watoto wanne. Hukuomba. Umenisaliti, na mimi ningemeza hivyo hivyo nikanyamaza mpaka kufa, kwa ajili ya mama. Sikuwa na nia ya kukuandikia tena.

Naandika kwa sababu wiki iliyopita mafundi wenu walifika hapa zahanati. Misheni imenunua viboksi vyenu vipya. Waling'oa changu, wakafunga chenu, wakaondoka. Asubuhi yake nikaenda kusikiliza pamoja na nesi Hilaria. Kikataja betri, kikataja antena, hapo hapo, bila kupumua. Nikadhani nimesikia vibaya. Asubuhi ya pili nikaenda tena. Betri, antena.

Nikampata fundi wenu mmoja barabarani Handeni, kijana mwenye adabu. Akaniambia, mzee, ofisini waliona mapumziko hayana faida, mbunifu mwenyewe alikubali yakatwe.

Mwenyewe alikubali.

Hilaria alilia siku ile. Mimi sikulia, nilikwenda kukaa na ng'ombe. Mwambie mama kwamba Nasinkoi nitamleta mimi mwenyewe, nitashukia kwake, wewe usiwepo. Usiniite tena Paker.

Nilimwachia mahali pamoja tu duniani ambapo angekuwapo bila kutajwa. Mmepafunga. Basi sina budi nimtaje, na nakutajia wewe uliyekatazwa na viatu vyako kulisema jina lake. Lisome kwa sauti, kila asubuhi, baada ya betri.

Sinyati.

Dada yako aliitwa Sinyati.

Keriako