Askari Wazima wa Kolwezi

Kolwezi, Juni 1993

Yaya Kanku, dada yangu mpendwa,

Moyo wenu! Nakusalimu kwa Tshiluba, lugha ya Kasai, kama mama alivyotufundisha, ingawa siku hizi salamu hiyo ikisikika hapa unaweza kupoteza meno. Habari ya huko Kasai, Mwene-Ditu? Shemeji Badibanga anaendeleaje na mgongo wake? Batoto wanakula? Nasikia wenyeji wa huko wanacheka Tshiluba chenu cha Katanga. Vumilieni. Mimi ni mzima. Tena serikali yenyewe imenipima ikathibitisha, na hiyo ndiyo habari ninayokuandikia.

Ulipoondoka, mimi na mke wangu Ndaya tulikuwa bado mtaani kwetu Musonoi. Vijana wa Katanga wanaotufukuza sisi Bakasai wakaja na fimbo zao, wakatuambia turudi kwetu. Kwetu wapi, yaya? Baba aliletwa hapa na kampuni ya migodi, sisi sote tumezaliwa hapa, na Kasai mimi naijua kwa nyimbo za matanga tu. Mlangoni alisimama askari mmoja, mrefu, anayekohoa, anaitwa Ngoy. Alikuwa ametumwa kutulinda. Basi akaulinda mlango, vitanda vyetu vikipita mbele yake mabegani mwa watu. Nilitema mate miguuni pake, naye akaangalia pembeni. Tukaenda gare kungoja treni pamoja na wengine, tukafunga turubai karibu na reli, na tumbo la Ndaya tayari kubwa.

Kumbe kambini kwa askari nao walikuwa na hofu yao. Kamisheni inakuja kutoka Kinshasa, waganga wakubwa wa jeshi, kuangalia afya ya askari na kama wako tayari kwa vita. Tayari! Nusu wanakohoa, wengine wamevimba miguu, na dawa zao komanda wao, Meja Séraphin, alikwisha kuziuza sokoni zamani. Kamisheni ikimkuta hivyo itamnyang'anya kambi. Mtu mwenye akili angetafuta dawa. Yeye akatafuta watu wazima wa afya.

Alikuja gare mwenyewe na lori. Akatutazama sisi wanaume kama mtu anayechagua mbuzi wa sikukuu, akamwambia dereva wake, "Bale Bakasai tunafukuza, njo beko na mabega." Yaani tunaofukuzwa ndio wenye mabega ya askari. Halafu akatangaza kwamba atakayevaa tenue, sare ya askari, mpaka kamisheni iondoke atakula bukari na samaki, na mwenye mgonjwa atapewa dawa kambini. Ndaya alikuwa anatetemeka kwa homa, kila anachokula anakitapika. Mama Mianda, yule jirani aliyezalisha mtaa wetu wote, alikuwa ameniambia wazi kwamba bila kinini ya malaria mtoto atapotea, na labda mama naye. Nilipanda lori wa kwanza.

Na askari wagonjwa wafichwe wapi? Sikia akili ya meja. Aliwaleta gare, wakavua tenue tukavaa sisi, wakavaa matambara yetu, wakalala chini ya maturubai yetu. Alisema hakuna mkubwa anayeangalia uso wa mtu aliyefukuzwa, na hapo, kwa mara moja katika maisha yake, alisema kweli. Aliyepewa shati langu la buluu alikuwa yule yule Ngoy. Mimi nikavaa tenue yake, jina lake kifuani.

Siku ya ukaguzi tulipangwa mstari. Daktari Kanali, mkubwa wa kamisheni, alipita na glavu nyeupe, akagonga vifua vyetu, akatuambia tukohoe. Tukakohoa kwa heshima. Aliniita Ngoy, nikaitika. Akasema mbele ya wote kwamba hajaona askari wenye afya namna hii, na kwamba kesho vita ikija sisi tuko tayari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, yaya, bunduki najua tu ni upande gani wa kukimbia. Wakaonyeshwa dispensari, rafu zimejaa maboksi ya dawa, wakafurahi, wakaenda kula. Nilibaki nyuma nikachukua boksi la kinini. Tupu. Nikachukua la pili, nalo tupu, rafu nzima ilikuwa hivyo. Waganga wote wale, na hakuna hata mmoja aliyefungua boksi.

Kazi moja tu waliifanya. Wakienda uwanja wa ndege walipita gare, kanali akaona watu wanakohoa chini ya maturubai, akashika pua. Akaagiza waondolewe siku hiyo hiyo, wasije wakaambukiza askari wake wazima. Basi treni yetu, ambayo kila siku ilikosa kichwa, ikapata kichwa kabla ya jioni. Vijana wakaanza kupakia watu. Askari wagonjwa wakapiga kelele kwamba wao ni askari, ni wenyeji kabisa, lakini fimbo ikikushukia nani hasemi hivyo? Tenue zao tulikuwa nazo sisi, tumefungiwa kambini, tukisikia treni inapiga honi.

Mpaka hapa unaweza kucheka. Sasa sikia neno ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua. Ndaya yumo katika treni hiyo, na mwanaume atakayefika naye kwako si mimi.

Mama Mianda alikosa nafasi akabaki, akaja mpaka kwenye uzio wa kambi kunisimulia. Ngoy alipolala kwenye mkeka wangu alimkuta mke wangu anatetemeka. Mama yake Ngoy alikuwa amemtumia kinini kutoka kwao Kasaji, naye alizificha ndani ya kitambaa, kwa kuwa anamjua komanda wake. Akampa Ndaya zote. Homa ikashuka. Vijana walipokuja, Ngoy akabishana nao, wakamwangusha kando ya reli wakimpiga kichwani, na wangemmaliza pale pale. Ndaya akaenda kumlalia juu na tumbo lake lile, akasema, "Mumuache, ni bwana yangu. Anaitwa Tshiamala. Homa njo inamusemesha." Wakawapandisha wote wawili.

Mimi meja haniachii. Kamisheni imeandika kwamba Ngoy ni mzima, kwa hiyo lazima aonekane. Nikitaja jina langu, ni Mukasai aliyeiba tenue, na risasi si ghali. Lakini sisi askari wazima tumeamriwa kulinda treni ijayo mpaka Kasai. Ikifika huko, nitashuka na sitapanda tena.

Yaya, Ngoy akifika utataka kumfukuza, ni haki yako. Usimfukuze. Mpeleke kwa masista, mlishe, atibiwe kifua. Sikuombi umpende. Mimi mwenyewe bado namdharau, ila nikikumbuka kinini zile dharau inanishinda. Mtoto akizaliwa kabla sijafika, mwache amshike. Lakini asife, yaya. Akifa kwako mtamlilia Tshiamala, mtamzika Tshiamala, nami nitabaki Ngoy mpaka mwisho wa siku zangu.

Nisalimie shemeji, batoto, na wote wa Musonoi mlio nao huko. Mwambie Ndaya shati la buluu alifue polepole, kola yake imechoka. Nakuja kulichukua.

Ni mimi mdogo wako,

Tshiamala

(hapa kambini: Ngoy, mzima)