Uso Wako Kwenye Kitenge

Mama Dorini,

Mimi sijambo. Wewe sikuulizi hali, najua ulipo.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha dukani na cha hospitali, hakitoshi kumgombeza mtu. Miaka yote uliyokuwa mjumbe wetu kwenye bunge la jimbo kule Albany ulijifunza neno moja la kwetu, "jambo", na ukalitumia hata msibani. Sasa huna mikutano, huna simu inayolia. Tafuta mtu huko akusomee.

La kwanza, mimi siyo Sifa. Sifa ni binti yangu, yule aliyekuwa anatutafsiria. Watu wananiita Mama Sifa. Wewe ukalikata Mama ukalitupa, ukabaki unaniita kwa jina la mtoto niliyemzaa. Sifa aliona haya kukusahihisha, eti huyo ni mkubwa wa serikali. Naitwa Wabiwa. Yule kijana aliyekuangusha kwenye uchaguzi alinitaja kwa jina langu siku ya kwanza tu aliyoingia kanisani kwetu, na akalitamka sawasawa. Nakuambia ili likuume.

Habari za huku: ile ofisi yako yenye picha yako dirishani, sasa wanauza simu humo. Picha yako waliiacha muda mrefu, jua likakupausha ukabaki meno. Halafu mtu akaibandua. Taa ya kuvukia barabara mbele ya majengo yetu, ile uliyoihangaikia majira baada ya majira mpaka watoto wakaacha kukimbizana na malori, bado inawaka. Hiyo sikunyimi. Nikibonyeza kile kitufe nasema asante. Halafu nakumbuka mengine, nafunga mdomo.

Unakumbuka ulivyoanza? Tulikuwa hatujatimiza mwaka tangu tutoke kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Mtu wa koti na karatasi mkononi akigonga, sisi tunazima televisheni, tunaziba watoto midomo. Siku hiyo jengo zima lilijificha. Mimi nilifungua kwa kuwa nilikuwa nakaanga samaki na harufu ilikwisha kunisaliti. Ukaingia, ukakaa, ukala bugali kwa mkono, ukajiunguza vidole, ukacheka mpaka miwani ikaanguka. Ukamwambia Sifa, "Mwambie mama nikishinda nitarudi." Nami nikamwambia Sifa, "Mwambie wote husema hivyo."

Ukarudi. Nilikuwa nimekufungia sombe, kisamvu chetu, kwenye bakuli langu la bluu, na Sifa alikueleza kwamba kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ulilirudisha limejaa matofaa. Nikasema, bon, huyu ni mtu. Tangu hapo bakuli lile lilikwenda na kurudi, sombe kwenda, matofaa kurudi, safari nyingine biskuti zako ngumu kama kokoto. Nilizitafuna. Hakuna mwingine aliyezitafuna.

Na kura ulikuwa unaniomba kila mara. Sikuwa na kura, Mama Dorini. Sikuwa raia. Hukuwahi kuuliza.

Miaka ikaenda, ukashinda, ukashinda, ukazoea. Mara nyingine hapakuwa hata na mpinzani, jina lako limesimama peke yake kwenye karatasi kama ng'ombe aliyesahauliwa malishoni. "Mtaa huu hata mbwa wananipigia kura," ulisema, na wote tukacheka, na ulikuwa unasema kweli. Jambo hilo linaharibu mtu. Ukaanza kuja kanisani mwaka wa uchaguzi tu. Unaingia katikati ya mahubiri, mchungaji anakatiza neno la Mungu, unatikisa bega moja na kwaya, unapigwa picha, unatoka. Sifa alinionyesha kwenye simu umelala kule Albany, mdomo wazi, mwenzako anahutubia. Nikasema amechoka. Sifa akasema, "Mama, amechoka na sisi." Nilimfokea. Alikuwa na haki.

Donc, basi, ndipo akaja huyo kijana kugombea nawe, na kwa mara ya kwanza ukaogopa. Niliona. Ulikuja kwangu bila kupiga simu, ukakaa kwenye kiti chako, ukala kidogo. "Sifa," ukaniambia, "safari hii nawahitaji kweli." Na mimi safari hii nilikuwa nayo kura. Nilikuwa nimekula kiapo cha uraia majira ya baridi, mimi niliyeacha shule kabla sijamaliza kujifunza kugawanya. Kura yangu ya kwanza tangu kuzaliwa. Hata Kongo sikuwahi kupiga, uchaguzi ulipokuja kwetu sisi tulikuwa kambini. Nikakuambia, ni yako.

Kina mama wa kwaya tukakaa tukasema, tumvae. Kwetu mtu wa siasa ukimpenda unamvaa mwilini, kila mtu anakuona unakopita. Mdogo wangu Mlasi, yule mwenye duka la vitenge kule Louisville, South End, akatuma picha yako ikachapwe. Robota la vitenge likashukia kwa mpwa wetu anayekaa Hilliard, pembeni mwa Columbus, likapakiwa kwenye gari la watu waliokuwa wanakuja huku kwetu Buffalo harusini. Tukashona blauzi, sketi na kilemba. Uso wako kifuani, uso wako tumboni, uso wako matakoni. Mlasi kwenye simu alisema, "Huyu mzungu atakaliwa sana."

Tulipokuonyesha kanisani ulilia. Ukajifunga kipande mabegani, ukapigwa picha na kila mmoja. Mchungaji akatangaza, "Jumanne mama zetu wote watakwenda kupiga kura wamevaa hivi!" Sifa akakutafsiria, ukapiga makofi. Na nilimwona yule msaidizi wako mwenye tai akiinama kukunong'oneza sikioni. Na nilikuona unampungia mkono, kama unafukuza nzi. Hilo ulishike, nitalirudia.

Jumanne ile ya kura za mchujo wa chama ilikuwa ya mwezi wa sita, joto, hakuna aliyebeba koti wala mtandio. Gari la kanisa lilitushusha pale shuleni, likaenda kupeleka watu kazini. Tukaingia tunaimba. Mama mmoja mzee wa kusimamia kura akatukimbilia amenyoosha mikono yote miwili. Sifa akasikiliza, uso ukamwanguka. "Anasema sheria hairuhusu. Huwezi kuingia na sura ya mgombea. Tuvae upande wa ndani." Nikamwambia amwonyeshe: kitenge kizuri rangi inapita pande zote. Ukikigeuza, bado Dorini anacheka.

Yule mama hakuwa mbaya. Alikwenda akarudi na mifuko myeusi ya takataka. Akaonyesha kwa mkono: toboeni hapa kichwa, hapa mikono, mfunike, mwingie.

Mama Dorini, nataka ulione hilo. Wanawake wazima, wengine wajane, wamesimama juani na mifuko ya takataka mkononi. Hatukukataa kwa sababu ya aibu yetu. Kambini tulivaa mabaya kuliko hayo. Tulikataa kwa sababu yako. Kwetu anayefunikwa uso ni maiti. Unamfunikaje mtu uso naye yu hai, siku yake yenyewe, tena kwa mfuko wa taka? Mama kiongozi wa kwaya akaurudisha mfuko wake umekunjwa vizuri, akasema, "Sisi hatumziki mtu angali hai." Tukarudisha wote. Sifa alitulilia, "Mama, ni plastiki tu! Vaeni! Atashindwa!" Nikamwambia nyamaza, hujui kitu, umekulia kwenye lifti za Marekani.

Waliokuwa na zamu ya mchana wakapanda basi kwenda kazini. Wengine tukatembea nyumbani kubadili. Tulipofika nikaona sketi yako imelowa jasho, imening'ang'ania, nikakaa kitandani, nikashindwa kukuvua na kukutupa chini ili nikakupigie kura. Nikakaa hivyo mpaka wakafunga.

Ulishindwa kwa kura ambazo zingeenea kwenye gari moja la kanisa.

Kosa halikuwa letu. Sisi sheria hatukuijua. Wewe ulikuwa unazitunga.

Nikakuletea sombe hata hivyo. Siku ya tatu, maana mtu aliyeanguka anahitaji kula. Hukufungua mlango, nikaliacha bakuli kwenye ngazi. Wiki ikapita nikalikuta mlangoni kwangu. Limeoshwa, limekaushwa. Tupu.

Ulijua maana yake. Usiniambie hukujua, maana wewe mwenyewe uliwahi kuwaeleza wageni wako, ukajisifu jinsi unavyotufahamu. Hukupata hata ganda la ndizi la kunitupia humo? Uliniachia utupu ule na bado ukaenda Albany kumalizia muda wako, ukapigiwa makofi, ukapewa kibao chenye jina lako. Halafu ukarudi ukajifungia na paka wako. Ukaumwa, hukusema. Mimi nakaa vituo viwili tu vya basi kutoka kwako, na habari ya kifo chako nimeipata kwa muuza nyama.

Mazishi yenu hayo, Mungu anisamehe, ni kama watu wanawahi ndege. Hakuna aliyelia kwa sauti. Picha mliyoweka ni ya ujana, nywele ambazo hata mimi sikuzikuta. Wakubwa wakasema una moyo wa dhahabu, wakaangalia saa. Pale kwenye kahawa yule msaidizi wako akamfuata Sifa, macho mekundu. Akamwambia: "Siku ile kanisani nilimwonya. Nilimwambia hawataruhusiwa kuingia na vile vitambaa. Akasema, waache, waone raha yao, hakuna atakayewazuia mama wazee."

Basi, ndiyo hayo uliyokuwa unayapungia mkono.

Nimeligeuza hilo neno kila upande. Labda ulituonea huruma. Labda ulipenda mno kujiona umejaa kanisa zima, ukashindwa kusema vueni. Nadhani ni hili la pili. Ulitupenda tukiwa tumekuvaa. Halafu tulipokataa kukufunika, ukatulaumu kwa bakuli tupu. Ulikuwa mwanamke mwenye majivuno, Dorini, na mvivu miaka yako ya mwisho, na mwoga. Nasema hivyo mbele yako kwa kuwa nyuma yako nimekutetea mpaka watu wamenichoka.

Kwaya wakaapa hawapigi kura tena. Vitenge vyako wamevigawa. Mlasi kule Louisville amefunika kochi lake kwa kimoja, unakaliwa kama alivyotabiri. Kwa mpwa wetu kule Hilliard wewe ni pazia la bafuni. Cha kwangu sikukikata. Nilikiweka chini ya mashuka, na miaka miwili hii sikukigusa.

Mwezi huu wa kumi na moja nimekitoa. Nikavaa vyote, blauzi, sketi, kilemba. Juu yake nikavaa koti langu refu la baridi, nikafunga vifungo mpaka kooni, nikavuta kofia mpaka nyusi. Sifa akasema, "Mama, unafanya nini? Huyo hayumo hata kwenye karatasi." Nikamwambia washa gari.

Tukamkuta yule yule mama mzee wa mifuko. Alinikumbuka. Nikamfungulia kifungo kimoja aone jicho lako. Akashika kifua, akamwambia Sifa, "Leo anaweza kuvua koti. Hakuna sheria juu ya marehemu." Nikamjibu kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha hospitali, kwamba ndiyo maana nimemfunika.

Nikaingia nawe ndani, joto likanipanda, jasho likatiririka mgongoni, sikufungua. Nikachora pale pa kuchora. Nilimchagua yule kijana au sikumchagua, hutajua. Kura ni siri, hilo ulinifundisha wewe. Lakini nimepiga. Ile uliyoninyima, nimeipiga nikiwa nimekubeba mwili mzima. Na Jumapili nimesimama mbele ya kwaya nikawaambia, mwaka ujao twende wote, tukiwa na makoti au bila makoti, na atakayekataa asinilambishe chumvi nyumbani kwake. Wamenuna. Watakwenda.

Basi, lala. Kaburini kwako nimeweka matofaa, maana naona hapo chakula changu hakiliki. Bakuli nimerudi nalo.

Nami nakuahidi hivi: siku yangu ikifika, Sifa ana maagizo. Atanizika nimevaa kitenge chako, mpaka kilemba, bila koti. Tutaonana uso kwa uso, na nyuso zako nyingine zote zikikuangalia kutoka kwangu. Hapo utaniomba msamaha, kwa Kiswahili.

Wabiwa
siyo Sifa