Kiti Kilikuwa Miguu Juu

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa kituo cha polisi, Alhamisi tarehe 15, saa tatu asubuhi.

Jina: limehifadhiwa kwa ombi la shahidi. Mtaani wanamwita Msomi.
Umri: miaka ishirini na minne.
Kazi: hufundisha wanafunzi hesabu majumbani.
Makazi: nyumba ya pili kutoka barabara kuu, kwa mama yake.
Uhusiano na mtuhumiwa: jirani.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa kituoni, nimekuja mwenyewe, na ninayoyasema nayasema kwa hiari yangu. Afande amenitaka niseme nilichoona na nilichosikia, nisiseme nilichowaza. Nitajitahidi, ingawa kwangu mambo hayo hayajawahi kukaa mbalimbali.

Naomba nianze na habari ya kiti, kwa sababu bila kiti hakuna kitakachoeleweka.

Mtaa wetu una nyumba tisa na umeziba upande mmoja. Gari likiingia ni la mtu wa mtaani au limepotea. Kwa hiyo watoto wadogo hucheza barabarani kuanzia baada ya chakula cha mchana, na wazazi wengi wakati huo wako kazini. Tangu nikiwa mdogo kuna kiti kimoja cha mbao, kilitoka katika shule iliyofungwa, hakina mwenyewe. Kikikaa mbele ya geti la nyumba fulani, nyumba hiyo ndiyo yenye zamu ya kuangalia watoto siku hiyo. Jioni, aliyemaliza zamu hukibeba hadi geti linalofuata; akipata dharura mchana, humkabidhi jirani yeyote aliyepo. Hakuna anayegonga mlango wa mwenzake, hakuna anayekumbushwa. Mtu akitaka kwenda sokoni anachungulia nje, anaona kiti kiko kwa nani, anafunga mlango wake na kuondoka. Mimi mwenyewe nimelelewa na kiti hicho. Nimefokewa na kila mama aliyewahi kukikalia.

Kiti chenyewe kilikuwa kibovu. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa umepasuka na tulikuwa tukiuwekea kipande cha tofali. Jirani yetu wa nyumba inayotazamana na yetu, tunayemwita Mama Pacha, alikuwa akisema kiachwe hivyo hivyo, kwa kuwa kinamzuia mtu kusinzia.

Mtuhumiwa ni fundi seremala. Alihamia nyumba ya mwisho, ya tisa, mwezi uliopita. Anaishi peke yake na karakana yake iko uani. Hatukuwahi kumweleza habari ya kiti. Si kwamba tulimficha. Hakuna aliyefikiri kwamba ni jambo la kuelezwa.

Jana, Jumatano tarehe 14, zamu ilikuwa kwetu. Mnamo saa nane mchana mama alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya geti, amevua viatu. Mama anaoka mikate ya kuuza, huamka kabla ya alfajiri. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, dirisha linatazama barabarani na lilikuwa wazi, ninaandaa maswali ya mwanafunzi wangu. Watoto walikuwa wakiruka kamba. Mdogo kuliko wote ni binti wa Nesi, jirani yetu wa nyumba ya tatu ambaye ni muuguzi. Mtoto huyo ana miaka mitatu na tunamwita Kidoti. Bado hajui kuruka kamba. Kazi yake ni kuzunguka akimwuliza kila mtu, "Unafanya nini?" kisha anaondoka kabla hajajibiwa.

Fundi alipita akiwa na ubao begani. Alisimama akamsalimu mama, akasema, "Mama, hicho kiti kitakuangusha."

Mama akasema, "Kimeshaniangusha mara mbili, baba. Kikirudia tena nitakidai mahari."

Fundi akacheka. Akasema, "Nipe nikakiwekee mguu mpya. Ni kazi ndogo, kabla jua halijazama nitakuwa nimekirudisha."

"Kwa bei gani?"

"Bei gani tena, na sisi ni majirani?"

"Haya, kichukue. Mungu akuzidishie."

Hayo ndiyo maneno yote waliyosemezana. Niliyasikia kutoka dirishani, umbali ambao ningeweza kunyoosha mkono nikamgusa mama bega. Kuhusu watoto, hakuna lililosemwa. Fundi alikibeba kiti kwa mkono mmoja na ubao kwa mwingine, akaenda nacho kwake.

Mama alibaki kidogo amesimama getini. Kisha akawaambia watoto, "Msiende mbali, nakuja sasa hivi," akaingia ndani. Nilisikia kochi la sebuleni likilia, halafu nikasikia pumzi yake ikibadilika.

Mnamo saa tisa nilitoka kwenda kufundisha nyumba ya nane. Nilipopita sebuleni nilimgusa mama mguu, nikamwambia, "Mama, watoto wako nje peke yao." Akasema, "Naamka, mwanangu." Hakufungua macho. Afande ameniuliza kwa nini sikukaa nao mimi. Nilikuwa nimechelewa, na mama alikuwa amesema anaamka. Najua jibu hilo lilivyo jepesi. Sina jingine.

Nilipofika nyumba ya nane niliona kiti mbele ya geti la fundi, kimepinduliwa, miguu juu, juani. Mguu mmoja ulikuwa mweupe, wa mbao mpya, umefungwa kwa kamba ili gundi ishike. Nasisitiza hapa kwa sababu nimesikia watu watatu wakisema kwamba fundi alikuwa amekikalia. Kiti kile kisingeweza kukaliwa na mtu. Fundi mwenyewe alikuwa uani, nilisikia randa yake ikienda na kurudi.

Mama Pacha alisema baadaye, mbele yangu, kwamba kabla ya kwenda sokoni alichungulia akaona kiti kiko kwa fundi. Kutoka kwake hadi kwa fundi ni mbali, lakini si mbali kiasi cha kushindwa kutofautisha kiti kilichosimama na kiti kilichopinduliwa. Simlaumu. Sote tulikuwa tumezoea kutazama kiti kiko wapi. Hatukuwa tukitazama kama kuna mtu juu yake. Alisema pia kwamba Nesi alimpigia simu kutoka kazini, akamwuliza, "Leo kiti kiko wapi?" Mama Pacha akamjibu, "Kiko kwa fundi." Nesi akasema, "Haya, vizuri," akarudi kwa wagonjwa wake.

Nyuma ya nyumba ya fundi, nje ya ua wake, kuna shimo lililochimbwa kwa ajili ya bomba la maji. Lilikuwa limefunikwa kwa bati moja, na ndani kulikuwa na maji ya mvua.

Ilikuwa karibu saa kumi niliposikia mtoto akilia, kilio kimoja tu, halafu kimya. Randa ya fundi ikasimama. Nilisikia miguu ikikimbia, kisha sauti ya fundi, "Jamani! Nisaidieni jamani!" Nilitoka mbio. Nilimkuta akitokea nyuma ya nyumba yake, amelowa hadi kifuani, amembeba Kidoti. Damu ilikuwa ikimtoka mtoto kwenye paji la uso, na mkono wake wa kulia ulikuwa umekaa vibaya. Kiatu kimoja hakikuwepo. Fundi alikuwa akimwambia, "Usilale, mjukuu wangu, usilale, niambie unafanya nini." Maneno hayo ni ya Kidoti. Kwa hiyo mtoto alikuwa ameshawahi kumwuliza na fundi.

Watu walijaa. Gari la mwenye nyumba ya tano lilimchukua mtoto kwenda hospitali. Mama Pacha alikuwa amerudi, vikapu vyake viko chini barabarani. Alimshika fundi ukosi wa shati.

"Ulikuwa wapi wewe? Kiti ulikichukua cha nini?"

"Nilikichukua nikakitengeneze."

"Na watoto je?"

"Watoto gani?"

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyomponza. Walio wengi walisikia mtu asiyejali. Mimi nilisikia mtu asiyejua. Nakubali kwamba hapa nasema nilichowaza, lakini naomba kiandikwe.

Mama alifika akiwa peku. Shavuni alikuwa na alama ya mshono wa mto wa kochi. Mtu mmoja akamwuliza, "Lakini leo si zamu ilikuwa kwenu?" Nilikuwa nimesimama karibu naye. Mama akasema, "Alikuja kukichukua mwenyewe. Nilimkabidhi kiti, nikamkabidhi na watoto."

Fundi alimtazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize utani. Halafu akaangalia chini, akaanza kukamua maji ya shati lake.

Polisi walipofika mama alirudia maneno hayo hayo, yakaandikwa. Fundi alichukuliwa kwa uzembe uliosababisha mtoto kuumia. Kiti nacho kilichukuliwa. Watu walipokuwa wakitawanyika nilisikia mwingine akisema eti huenda hata shimoni alimtupa mwenyewe. Lilisemwa kama mtu anayekisia mvua.

Jioni nilimkuta mama jikoni anakanda unga. Nilimwambia, "Mama, dirisha langu lilikuwa wazi."

Hakugeuka. Akasema, "Wewe ulikuwa unasoma."

"Nilikuwa nasoma, na nilisikia."

Aliendelea kukanda. Mama anajua kukanda hadi unga unalia, na jana uliendelea kulia muda mrefu baada ya kuwa tayari. Kisha akasema, "Nesi alinikabidhi mtoto huyo ana siku arobaini, akaniambia, mama, wewe ni mama yangu hapa. Unataka nimwambie nililala? Niambie wewe uliyesoma, mtu anaanzaje?"

Nikasema, "Fundi yuko ndani, mama."

"Yule ni mpangaji, mwanangu. Leo yupo hapa, kesho atahamia kwingine. Mimi nitaishi na hawa watu mpaka wanizike."

Nilimwambia kwamba asubuhi nitakuja hapa. Akasema, "Nenda. Lakini ujue unakwenda kumsema nani." Nikasema najua. Hatukula pamoja.

Leo asubuhi, kabla ya kuja, nilipitia hospitali. Nesi alikuwa amekaa kitandani karibu na mtoto, bado amevaa sare ya jana. Mkono wa Kidoti umefungwa plasta na kichwa kimeshonwa. Nesi aliniambia kwamba alfajiri alikuwa akilia kwa sauti ya chini, mtoto akafumbua macho, akamtazama, akamwuliza, "Mama, unafanya nini?" Nesi alinisimulia akicheka, kisha hakuweza kuendelea. Nilitaka kumwambia kila kitu pale pale. Sikuweza. Nilimsaidia kukunja shuka, nikaja huku. Nafikiri ni rahisi zaidi kumwambia afande, ambaye hanijui.

Mama yuko nje ya ofisi hii, kwenye benchi. Hatukuja pamoja. Alikuja nyuma yangu njia nzima. Nikisimama anasimama, na sikujua kama anakuja kunizuia au kunisindikiza.

Kuna jambo moja la mwisho. Nilipoingia hapa, afande aliangaza huku na huku akaona hakuna cha kukalia, akavuta kiti kutoka ukutani penye vitu vilivyofungwa vibandiko, akanipa. Nimekaa bila kuangalia. Nimekitambua nikiwa katikati ya maelezo haya, mkono wangu ulipogusa alama ya pembeni iliyoungua kwa pasi, niliyoiweka mimi nikiwa na miaka tisa na nikachapwa. Ni kiti chetu. Nimekikalia muda wote huu na hakijayumba hata mara moja. Naomba afande aangalie mguu wa nyuma wa kushoto. Mtu aliyepokea zamu ya watoto hakigeuzi kiti cha zamu kukiwekea mguu. Na mtu aliyekusudia ubaya hapigi msasa hata upande wa ndani, ambao hakuna atakayeuona.

Nimesomewa niliyoyasema. Mahali pamoja afande alikuwa ameandika kwamba mama, alipoulizwa barabarani, hakukumbuka vizuri mazungumzo yake na fundi. Namshukuru, najua alitaka kunirahisishia. Nimeomba pafutwe. Mama alikumbuka. Aliogopa. Nampenda, na hilo pia naomba liandikwe, hata kama si ushahidi.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA

Nimemsomea shahidi maelezo haya, ameyakubali kuwa sahihi baada ya marekebisho ya sehemu moja kama alivyoeleza. Nathibitisha kwamba shahidi alikalishwa kwenye kielelezo kwa makosa yangu, kutokana na uhaba wa viti. Kimekaguliwa: mguu wa nyuma wa kushoto ni mpya, umeungwa kwa gundi, una alama za kamba, umepigwa msasa pande zote. Kimerudishwa kwenye vielelezo, na shahidi ametia sahihi akiwa amesimama.

Wakati nafunga jalada, mama mtu mzima aliyekuwa kwenye benchi la nje ameingia, akajitambulisha kuwa mama wa shahidi. Ameuliza kama maelezo aliyoyatoa jana yanaweza kuandikwa upya. Kulikuwa na watu wawili mbele yake. Nimemwambia asubiri zamu yake. Amesema atasubiri. Shahidi, ambaye alikuwa ameshafika mlangoni, amerudi akaketi naye.