Namba Zisizo na Mwisho

Kiganjo, Nyeri
14 Aprili 2024

Mpendwa kaka Kinyua,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Perth? Mgongo umepona, ama bado unabeba masanduku kama kijana? Sisi tuko wazima, Mungu ni mwema. Mvua imefika na mahindi yameota. Mama ana nguvu, na mdomo pia.

Wacha nikuambie, kaka, yaliyotokea hapa.

Unajua binti yangu Warigia husoma hesabu za juu kila likizo pale Ruring'u, kwa mwalimu Naliaka. Mwezi uliopita alichaguliwa kwenda kuziendeleza kwenye chuo kimoja Kigali, mwaka mzima. Lakini msichana ana jina la Mama, na hawezi kuvuka mpaka bila baraka yake. Na Mama unamjua.

Mwalimu akaja kumwomba. Mtu wa Bungoma, angejuaje mambo yetu? Kuingia uani tu, akawanyooshea wajukuu kidole: mmoja, wawili, watatu, mpaka saba! Uui! Mama akajifunika leso usoni. Ati anayehesabu watoto wa watu anawaitia mabaya, na hiyo saba ndiyo mbaya kabisa. Akasema Warigia haendi popote na hesabu kama hizo. Msichana alilia mpaka nikaogopa.

Juzi wazazi tukaalikwa darasani. Nilimbembeleza Mama, akaja amenuna. Warigia akasimama ubaoni, akaeleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kikuyu kwa ajili ya Mama. Ati zile namba zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, kama mbili, tatu na tano, hazina mwisho. Tuseme umezikusanya zote. Zizidishe pamoja, ongeza moja. Sasa gawanya hiyo mpya kwa yoyote uliyo nayo: kila mara inabaki moja. Basi kuna nyingine ulikuwa hujaipata! Ukiiongeza hiyo, unaanza tena.

Kinyua, mimi nauza viazi. Lakini nilielewa, na nywele zikanisimama. Huyu niliyemfunga nepi jana tu, ameshika kitu kisicho na mwisho, kwa chaki!

Mama akauliza, "Kwani umezihesabu zote?"

"La, Cucu," akamjibu bibi yake. "Sijazihesabu, na sitazihesabu. Lakini najua hazina mwisho."

Mama akainuka mbele ya watu wote, akafungua kiganja cha Warigia, akakitemea mate ya baraka. Mimi na mwalimu tulilia bila aibu.

Anasafiri Agosti. Mpigie simu, atafurahi kumsikia mjomba wake.

Nisalimie mke wako Lynn na watoto. Kina Gathogo wa huko Kangema wanakusalimu pia. Nilimuuliza Mama niandike ni wajukuu wangapi wanakutumia salamu, akanikaripia: "Andika hawana mwisho."

Mungu akutunze huko ugenini mpaka tuonane.

Dada yako akupendaye,
Wangui