Kaimati za Athumani wa Kabiro

Mama Rukia,

Ni mimi. Naandika mwenyewe kwa hii penseli ya kazi. Rukia alitaka kuniandikia, nikamwambia mambo ya mume na mke hayapiti kwa mtoto. Herufi zangu unazijua, zinalala huku na huku. Kuta zangu ndizo hazilali. Soma polepole.

Hapa Kibera, Gatwekera yetu, tuko. Mvua ilipiga, mabati ya Mama Auma yakainuka, yetu hayakuinuka, kwa sababu niliyapigilia mimi. Jiko lako liko pale pale nyuma ya mlango. Nguo zako Rukia amezigawa, lakini ile leso ya kijani nilikataa. Nimeitandika pale unapolala. Ulipokuwa unalala, nataka kusema.

Sasa Ramadhani imeingia, ya kwanza bila wewe, na kuna jambo nimeliona Kawangware halijanishuka kooni mpaka leo.

Rukia aliniita kwake Kabiro, huko Kawangware, tufuturu pamoja. Nikaenda kwa miguu. Njia nzima napita kuta nilizopiga plasta mimi, hakuna hata moja imepasuka, nenda uangalie. Nikafika magharibi inaingia. Tende, uji, viazi, sawa. Halafu mjukuu wako Swabra akafunua sahani iliyofunikwa kitambaa. Kaimati. Nikachukua moja bila kufikiria.

Mama Rukia, ilikuwa yako. Nje inavunjika, ndani laini na tupu, shira imeshika kidogo tu, iliki imepondwa na maganda yake. Nikamwangalia Rukia, nikasema moyoni, mtoto amerithi mkono wa mama yake, sasa naweza kufa. Nilikuwa karibu kumbariki.

Swabra na ule mdomo wake akasema, "Hizi si ni za Shosho kabisa? Ametuletea Babu Kaimati."

Babu Kaimati. Nikauliza ni babu gani. Kwenye nyumba hii babu ni mmoja na amekaa hapa.

Ndio nikaambiwa. Athumani. Yule fundi wa nguo mwenye cherehani pale steji ya 56, aliyefiwa na mke, anayekaa plot moja na Rukia, mlango kwa mlango. Na nikaambiwa nani alimfundisha. Wewe. Wakati ule ulienda kumkalia Rukia arobaini yake alipomzaa Idi, ukaniacha huku nakula mkate na chai kama mtoto wa bweni. Nikipiga simu unasema, "Niko na kazi, Baba Rukia, nitakupigia," na huko nyuma nasikia watu wanacheka. Kumbe ndiyo hiyo kazi.

Nataka ujue nilichokasirikia. Si kaimati. Ni hivi. Miaka yote uliyonipikia, hukuniruhusu hata siku moja niangalie. "Toka hapo mlangoni, unanizibia mwanga." "Geuka huko, mtu akiangalia zinaharibika." Na mimi nikaamini. Mimi, fundi mkubwa, naitwa mpaka Lavington kwa matajiri kurekebisha kazi ya watu waliosomea, nilikuwa nakaa nje kwenye mtungi wa plastiki, nimegeuzia mke wangu mgongo, nasikiza mafuta yakiongea. Nilidhani hakuna macho yaliwahi kuona ule mkono ukifanya ile kazi. Halafu nasikia fundi wa nguo aliona. Tena si mara moja.

Nilirudi nyumbani sikumuaga mtu.

Kesho yake nikanunua unga, hamira, iliki, ndimu, kila kitu. Nikasema, kama fundi wa nguo anaweza, mimi nitashindwa na nini? Kuchanganya ndiyo kazi yangu tangu nikiwa kijana. Nikamimina unga, nikafanya shimo katikati, nikaweka maji kidogo kidogo, nikageuza vizuri mpaka ukakaa. Mama Auma akapita na ndoo yake akasimama. "Baba Rukia, unajenga wapi leo?" Nikaufunika, nikangoja. Niliporudi nikakuta umefura, umejaa mapovu. Sasa, kila mtu aliyeshika mwiko anajua zege yenye hewa ndani haina nguvu. Nikaupiga mpaka hewa ikatoka yote. Nikaufunika. Ukafura tena. Nikaupiga tena. Ule unga ni mkaidi, lakini ulikutana na mimi. Mwisho ulinyamaza, ukatulia, laini kama plasta ya mkono wa mwisho. Nikasema, sasa umeiva.

Nilizikaanga, zikapata rangi nzuri sana. Usibishe, hukuwepo. Nikazitia kwenye mkebe, nikazipeleka Kabiro kwa miguu, magharibi ikanikuta mlangoni kwa Rukia.

Idi alichukua moja, akaitia mdomoni, akakaa nayo. Halafu akaitoa, akaiangalia, akanirudishia mkononi polepole kama mtu anarudisha kitu cha wenyewe. Swabra akasema, "Babu, hizi tuekelee pale mlangoni, huo mlango upepo unausumbua." Rukia akamwambia ashike adabu, lakini yeye mwenyewe alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanacheza.

Na mlango wa pili ulikuwa wazi. Athumani alikuwa amekaa pale na shati la mtu magotini, anashona kifungo, amesikia yote. Akaja. Ni mtu mdogo, Mama Rukia, sijui ulimwonaje, shingo kama ya kuku. Akasalimia vizuri, akaomba moja. Hakucheka. Aliigonga kwenye fremu ya mlango mara mbili, akanipa jicho.

"Mzee, ulitoa hewa?"

Nikamwambia, "Nilitoa yote."

"Mzee wangu, hiyo hewa ndiyo kaimati."

Nikamuuliza nani kakwambia. Akasema, "Mama Rukia." Alilitaja jina lako hivyo tu, kama mtu anataja jirani. Ningekuwa kijana ningemshika shingo.

Lakini nimekuwa mtu mzima, nikamwambia twende kwake nimuulize maswali. Akanipa kiti, yeye akakaa kwenye kitanda. Swali la kwanza nikamuuliza wazi, mwanamume kwa mwanamume. Namna ya kukamata ule unga kwenye ngumi na kuukamua juu utoke mviringo, ulijifunza vipi? Alikushika mkono?

Akasema, "Mungu apishe mbali, mzee. Alinigonga vidole na mwiko kila nikikosea. Hiki bado kinauma wakati wa baridi." Akanionyesha kidole.

Nikafurahi. Halafu furaha ikaisha hapo hapo, kwa sababu mimi hata mwiko hukuwahi kunigonga.

Nikamuuliza la pili. Alikuambia ugeuke usiangalie? Akasema hapana. Nikamwambia, mimi niliambiwa mtu akiangalia zinaharibika. Huyo mtu akaanza kujikunakuna, akaanza kuulizia afya yangu. Nikamwambia sema. Akasema, "Mzee, usinichukulie vibaya. Alisema wewe ukiangalia kidogo tu, unaanza kufundisha."

Mama Rukia, hilo si kweli na unajua. Mimi simfundishi mtu. Nilikuambia siku moja mafuta yako yana moto mdogo, basi. Na jiko limekaa upande wa upepo. Na karai lile lina kitako chembamba. Hayo ni mambo ya kweli, si kufundisha. Ungeniambia tu ninyamaze. Ningenyamaza. Labda si siku ya kwanza.

Nilisimama niondoke. Nilikuwa nimeshashika mkebe wangu. Na yule Athumani, nadhani kwa kuogopa nitamwacha na hasira, akasema maneno mengine nyuma yangu. Akasema kuna asubuhi ulikuwa umekaa hapo kwenye kizingiti chake, Idi mgongoni, unapiga unga, na kijana mmoja wa plot akapita na mkokoteni akagonga kona ya nyumba, ukuta ukamwaga mchanga. Na wewe ukainua kichwa, ukasema, "Huu si wa mume wangu. Wa mume wangu ukiugonga, unaenda hospitali wewe." Akasema plot nzima ilicheka. Akasema ulirudia siku zile zote. Mtu akiegemea ukuta, unamuuliza kama amejua ni wa nani.

Nilirudi nikakaa kwenye kile kiti.

Ulisema hivyo? Kwa watu? Mimi nimekaa na wewe tangu Kibera haina barabara, nimekuonyesha kila nyumba niliyojenga, na kila mara ulisema, "Haya, nimeona, twende." Nikawa najisifu mwenyewe kwa sababu nilidhani hakuna mwingine wa kufanya hiyo kazi. Kumbe ulikuwa unaifanya Kabiro, kwa mtu wa cherehani, na watu wa plot ambao hata jina langu hawajui. Wao wamesikia. Mimi nimeletewa habari, imepoa, na mdomo wa mtu mwingine.

Nisikudanganye, hapo ndipo nilimuonea wivu kabisa, kuliko kwa kaimati. Kaimati nitazijua. Lakini yeye ana asubuhi zako kwenye kile kizingiti, ana sauti yako ukinitaja, anazo tu hapo kichwani anashonea nazo vifungo vya watu, na mimi mwenyewe sina.

Sasa hii ndiyo ahadi yangu, na unajua nikisema nimesema. Nitaenda kwa Athumani. Jumamosi hii, na nyingine, mpaka Ramadhani iishe na baada ya hapo. Nitakaa pale karibu na karai lake, macho wazi, na sitafungua mdomo. Moto wake ni mkubwa mno, nimeona, lakini sitasema. Nitamwacha apike na nitamuuliza kitu kimoja tu: siku ile nyingine, Mama Rukia alisema nini? Nitamtoa zile siku zako moja moja, kila neno, mpaka abaki na cherehani yake peke yake.

Na ikiwa kuna ulichosema kibaya juu yangu, nacho nitakichukua. Ni changu.

Basi nakuacha upumzike. Nimepaombea hapo ulipo pasiwe na unyevu, maana hilo kaburi sikulichimba mimi. Nitakuja nilikague.

Mimi mumeo,
Baba Rukia