Wimbo Wenye Jina Langu

Makere, Kasulu
Jumatatu

Mushiki wanje Uwimana, amahoro,

Mimi kaka yako nina miaka themanini na moja. Nimepita vita, kambi na kipindupindu, nimezika wake wawili, na yule daktari aliyesema sitafika mwaka mpya, yeye ndiye hakufika. Je, mgongo wako unaendeleaje? Na maharage huko Kibondo yameota? Huku tu wazima, na mjukuu wako Winnie ninayekaa naye ni mzima pia. Hilo nalitanguliza ili usije ukaitupa barua katikati. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Niliishia darasa la pili, lakini herufi zangu zinasomeka kuliko za karani.

Kwaya yetu ilitunga wimbo wa ule ushuhuda wangu unaoujua, kwamba mwaka sabini na mbili, tukikimbia vita kwetu, niliuvuka mto Malagarasi umefurika kwa miguu yangu na imani yangu, wewe mchanga mgongoni, Mama nikimvuta mkono. Winnie ndiye mwimbishaji. Kiitikio chote ni Hatungimana, Hatungimana. Mchungaji Ndayikeza alikuja mazoezini, akauliza Mungu anaingia ubeti wa ngapi. Nikamjibu kwamba Mungu anajulikana dunia nzima, mimi ndiye sijulikani hata Buhigwe. Kwaya wakacheka. Yeye akasema basi Jumapili tumsujudie mzee moja kwa moja, tuache kuzunguka. Akakataza video tuliyopanga isipigwe mpaka wimbo urekebishwe. Nami unanijua.

Alhamisi Mchungaji alipokwenda mazishini Heru Juu, niliwachukua vijana mpaka mtoni, pamoja na Nurudini, mpiga video wa Kasulu mjini, Mwislamu mmoja mwenye maneno mengi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, maji mekundu yanabeba magogo. Nurudini akasema mzee, tupigie hapa ukingoni, kamera yangu haijui kuogelea. Nikamwambia mwenye imani kama yangu haogopi maji, anayeogopa akae ashike viatu vya wenzake. Mimi mwenyewe nilikusudia kulowesha nyayo tu. Lakini Winnie aliniamini, mdogo wangu. Aliinua mikono, akaingia akiimba jina langu. Hatua ya kwanza maji magotini, ya pili kiunoni, ya tatu hakukuwa na chini. Yakamchukua.

Mimi nilisimama. Aliibuka, akazama, akaibuka tena, akapiga kelele mara mbili. Hakumwita Mungu. Aliniita mimi. Babu! Babu! Kama mtu anayesali, nami nipo pale, mkavu.

Nurudini aliitupa kamera matopeni, akaruka na viatu vyake. Alimkamata gauni kwenye mizizi ya miti, mto unapopinda, na muda wote mle majini alikuwa akiita Ya Rabi, Ya Rabi. Kwaya wakafunganisha vitenge, wakawavuta wote wawili. Winnie alitapika maji mpaka nikadhani anatapika roho.

Sasa nisikilize. Sikuvuka kwa imani. Nilining'inia kwenye mkia wa ng'ombe mwekundu wa Baba, mwanamume mzima, nimefumba macho, nalia. Mama ndiye aliyenishikisha ule mkia. Wewe ulikuwa mgongoni kwake, si kwangu. Na ndiye aliyemwita Mungu kwa sauti, Mana yanje, Mana yanje, hadi ng'ambo. Katika ushuhuda nilianza kwa kumtoa ng'ombe, maana watu walikuwa wanacheka. Mama alipofariki nikamtoa na yeye na sala zake. Mwishowe hata Mungu akawa ananisindikiza tu. Waliojua niliwazika wote, nikaona yamekwisha.

Jana nilisimama kanisani nikayasema haya, tena bila maiki, waliokuwa nje wakasikia. Walicheka ule mkia. Niliwaacha wacheke. Mchungaji amelifuta jina langu wimboni, sikubisha, na unajua mimi kubisha ni kazi yangu. Lakini Winnie tangu Alhamisi haniiti Babu. Ananiita mzee, kama anavyomwita mtu wa sokoni. Anataka kurudi kwako. Simzuii. Atapanda basi Jumatano, na barua hii anakuletea yeye.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na majirani wanaonikumbuka. Usiponiamini, na una haki, ya mtoni muulize Winnie, au Mchungaji Ndayikeza aliyemkuta bado anatetemeka, au Nurudini. Ya mwaka sabini na mbili shahidi amebaki mmoja tu, Mungu mwenyewe. Muulize Yeye.

Kaka yako,
Hatungimana